Mtoto Niliyemrudisha

Mimi sipendi uchafu. Nilimwambia hivyo kila muuguzi mpya aliyeletwa chini yangu, na hapa pia naanza kwa kusema hivyo ili ujue ni nani anayekusimulia. Mwaka wa 1972 nilikuwa Sista Bathsheba, msimamizi wa chumba cha watoto wachanga katika hospitali ya misheni iliyo mlimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Keumbu. Jina la hospitali silitaji. Waliohusika wengine wangali hai, na wengine wana wajukuu wanaotibiwa palepale.

Chumba chenyewe tulikiita Chumba cha Joto. Kwetu Kisii ni baridi, hasa mwezi wa Juni ukungu unapolala juu ya migomba mpaka saa nne asubuhi, na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia hana nyama ya kumkinga. Tulikuwa na stovu ya mafuta ya taa pembeni, vitanda vidogo sita vya mbao vilivyozungushiwa chupa za maji moto, na mashine moja ya joto yenye kioo iliyoletwa na Wazungu wa misheni. Dirisha halikufunguliwa. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo niliuvaa shingoni.

Hakuna aliyeingia bila kunawa. Mlangoni palikuwa na beseni la dawa nyekundu, ile ya kuua vijidudu, na kila mtu alizamisha mikono humo hadi viwikoni, daktari akiwemo. Dawa hiyohiyo tulisafishia vitovu vya watoto, tukaloweka vijiko na vikombe vyao. Kuizimua kwa maji ilikuwa kazi yangu mwenyewe, sikumwachia mtu, maana wasichana wale mkono wao haukuwa na kipimo. Ilikuja kwa galoni kutoka duka la dawa la Umesh kule Kisii mjini, tena kwa shida, nami nilijua kuitunza. Chupa kubwa ya kioo ikifika nusu, niliijaza tena bila kumwaga iliyobaki. Kifuniko chake kilipovunjika, niliiziba kama chupa zote zinavyozibwa kwetu, ya mafuta, ya asali, ya maziwa, kwa gunzi la mahindi lililochongwa likakaa sawasawa. Hilo langu nililivika shashi nyeupe. Wageni walioiona walisema chumba hiki kina mwenyewe, na mimi nilijisikia vizuri sana.

Mtoto wa kwanza alikufa Jumatatu. Sikushangaa, watoto wa namna ile hufa, na muuguzi anayelia kwa kila mmoja hatafika mwisho wa mwezi. Jumapili jioni alikataa kijiko. Asubuhi tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma na ngozi imekuwa rangi ya jivu, na saa tisa alikuwa ametuacha. Alhamisi akafuata wa pili, kwa njia ileile: kijiko, tumbo, jivu. Kitovu chake kilitoa usaha wa kijani kidogo ulionuka utamu, kama ndizi zilizofukiwa ziive. Nimesafisha vidonda vingi maishani mwangu, lakini harufu ile ilinisimamisha vinyweleo.

Kemuma, mhudumu wa wodi, alianza kunong'ona. Kwetu kuna wanaoamini kwamba yuko mtu ambaye akimtazama mtoto mchanga tu, mtoto yule huharibika. "Sista," akaniambia, "kuna mwenye jicho anapita hapa."

"Basi jicho lako wewe lione lile vumbi chini ya kitanda," nikamjibu. Akachukua tambara. Lakini niliona amemtazama kila mama aliyeketi kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine.

Ijumaa ya wiki hiyo ndipo akaja Nyamoita. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka upande wa Nyamira, wa miaka ishirini na sita hivi. Alikuwa amezaa mara nne na hakuwa na mtoto hata mmoja nyumbani. Wa tano huyu alikuja miezi miwili kabla ya wakati, mvulana wa kilo moja na nusu, analia kwa sauti ndogo lakini analia. Nilipomchukua, mama yake alinishika mkono wa gauni.

"Sista, huyu nimeletewa niangalie tu kama wale wengine?"

"Huyu ataishi," nikamwambia. "Chumba changu kinajua kazi."

Sikupaswa kusema hivyo, kwa kuwa hakuna muuguzi mwenye akili anayemwahidi mama uhai. Lakini alinitazama bila kupepesa macho, nami nilimhurumia, na nilipomhurumia mtu nilikuwa na tabia ya kusema makubwa.

Jumapili alikufa wa tatu.

Nilifanya nilichofundishwa. Nilikaza kamba. Akina mama waliokuwa wakiingia mara tatu kwa siku kunyonyesha niliwazuia mlangoni, wakawa wanakamua maziwa kwenye vikombe huko nje nasi tunawalisha watoto kwa kijiko. Vitovu tulivyokuwa tukivisafisha mara moja kwa siku, sasa tulivisafisha asubuhi na jioni. Mikono, kabla ya kumgusa mtoto na baada ya kumgusa. Nepi zikaanza kusuuzwa katika dawa. Nilikwenda mwenyewe Kisii mjini kuongeza galoni, na Umesh akacheka nyuma ya meza yake. "Sista, nyinyi nakunywa hii dawa? Mwezi mmoja galoni moja, leo nataka tatu!" Mimi sikucheka. Nilimwambia afunge vizuri nisimwagikiwe njiani.

Daktari wetu alikuwa Machogu, kijana wa kwetu aliyerudi kutoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, umri sawa na kitinda mimba wa mama yangu. Alikuwa mpole, mwenye aibu mbele ya wauguzi wazee. Jumatano alikuja na sanduku la vijiti vyenye pamba kichwani.

"Sista, nataka kupima kila kitu kilichomo humu. Bomba la maji, mashine, vitanda, mikono yetu. Nitapeleka maabara ya Kisumu."

"Pima," nikamwambia.

Alizunguka chumba kizima kwa utaratibu, akapangusa kila mahali, akaandika. Mwisho akaja mlangoni, akanyoosha kijiti kuelekea kwenye chupa ya dawa nyekundu.

"Daktari," nikasema, na Kemuma alikuwa anasikia, "siku hizi hata sabuni mnaipima kama ina uchafu?"

Kemuma akacheka. Daktari Machogu naye akacheka, akaona haya, akarudisha kijiti sandukuni. Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Dakika haikwisha. Nimeirudia dakika ile kichwani zaidi ya nilivyosali, na mimi ni Msabato, nasali.

Nyamoita hakuwa mtu wa maneno. Wenzake walilia, waliimba nyimbo za kanisani, waligombania nafasi karibu na jiko. Yeye aliketi kwenye benchi mkabala na mlango wangu, kikombe chake cha maziwa mkononi, akitazama nani anaingia na nani anatolewa. Ijumaa mchana nilipotoka, alisimama.

"Sista, naomba kuuliza. Kule wodini tuko kumi na mmoja. Saba wamelala na watoto wao kitandani, hakuna aliyekufa. Wanaokufa ni wa huku ndani tu."

"Wa huku ndani ni wadogo. Wale wa huko ni wakubwa."

"Wa Orpah si mkubwa. Alikataa kumleta huku. Ni mdogo kama wangu na ananyonya."

Nilipandwa na hasira. Nilikuwa sijalala vizuri kwa siku nyingi na hapa mtu ambaye hajakanyaga darasa la tano ananihesabia wafu wangu. Nikamwambia kama anajua udaktari basi avae gauni langu. Nikamwambia mikono yake ina udongo kwenye kucha, na ni udongo huohuo unaoua watoto. Alitazama kucha zake. Akaketi tena.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Nilikuwa kanisani, na nusu ya wafanyakazi walikuwa huko pamoja nami. Kemuma alikuwa zamu, na ufunguo nilimwachia yeye. Nyamoita alimwambia anaona kizunguzungu, amletee chai, naye akaondoka mbio bila kufunga kufuli. Kemuma alipotoka jikoni na kikombe, mlango ulikuwa wazi na kitanda cha tatu hakina mtu. Chupa za maji moto zilikuwa bado zina joto.

Huyo Kemuma nilimtukana mpaka nikakosa pumzi. Kisha nikaingia ghala la vitambaa, nikajifungia, nikalia. Mtoto wa kilo moja na nusu, Juni, njia ya kwenda Nyamira, ukungu ule. Nilikuwa na hakika amekufa kabla hajafika kwao, na kuwa mama yake ndiye aliyemuua kwa ujinga.

Siku nne zilipita. Majibu ya Kisumu yalikuja Alhamisi: bomba safi, mashine safi, vitanda safi, mikono yetu safi. Daktari alinisomea barua ile kwa sauti, na mimi nilisimama wima kama siku niliyovishwa kofia ya uuguzi. Chumba changu kilikuwa safi, imeandikwa na kupigwa muhuri. Basi kilichokuwa kinaua ni udhaifu wa watoto wenyewe, na baridi, na mama zao.

Siku hiyohiyo mchuuzi wa ndizi kutoka Nyamira akasema sokoni Keumbu kuwa mtoto wa Nyamoita yuko hai.

Ijumaa asubuhi nilipanda Land Rover ya hospitali, Makori akiendesha, tukampitia naibu wa chifu wa huko. Daktari alikuwa ametia sahihi karatasi ya kumrudisha mgonjwa. Yeye pia aliiamini barua. Tuliacha gari barabarani tukapanda kwa miguu katikati ya majani chai, mimi mbele, nimevaa gauni langu jeupe na kubeba kikapu chenye chupa za maji moto.

Walikuwa nyumbani kwa mama mkwe wake, Bosibori, mwanamke mnene wa miaka sitini hivi. Alikuwa amekaa karibu na mafiga, mgongo ukutani. Nilimuuliza mtoto yuko wapi. Alifungua kifungo kimoja cha gauni. Mtoto alikuwa ndani, uchi, kifua juu ya kifua cha nyanya yake, kichwa kimefunikwa kipande cha sweta.

Nilimwekea mkono mgongoni, nikakuta joto. Nikamwekea kidole mdomoni, akakivuta kwa nguvu hata nikakihisi mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kitovu kilikuwa kimekauka na kukaribia kuanguka. Nami nilikasirika. Nasema ukweli kama ulivyokuwa: nilimkuta mzima, nikakasirika.

"Mong'ina," nikamwambia Bosibori, kama tunavyowaita wanawake wazee kwetu, "moshi huu, mavi ya kuku haya, na mikono mnanawa kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Maji tu?"

"Na sabuni ikiwepo." Akanitazama toka viatu hadi kofia. "Sista, wewe umezaa wangapi?"

Sina mtoto, na watu wa upande ule walijua. Niligeuka kwa naibu wa chifu, naye akafanya alichokuja kufanya. Alisema kumtorosha mgonjwa hospitalini ni kosa, na mtoto akifa mikononi mwao baada ya hospitali kuja kumchukua, watakaokwenda kueleza ni wao. Mume wa Nyamoita alikuwa kazini mashamba ya Kericho. Pale palikuwa na wanawake wawili tu, na majirani watano au sita waliokuja kutazama gari limeleta nini.

Nyamoita alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo. Hakulia wala hakushindana. Alikuja mbele yangu.

"Siku ya kwanza uliniambia ataishi."

"Nilisema."

"Sema tena. Hawa wote wasikie."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema Mungu akipenda, kama tunavyosema wote. Lakini nilikuwa na barua ya Kisumu mfukoni.

"Huyu mtoto ataishi," nikasema kwa sauti. "Mimi Bathsheba nasema."

Bosibori alimtoa kifuani polepole. Hewa ya baridi ilipompata, mtoto alilia, na kilio kilikuwa na nguvu kuliko siku aliyozaliwa. Nilimfunga blanketi, nikampanga katikati ya chupa zangu.

Hospitalini nilimpima: alikuwa ameongezeka gramu themanini. Niliziandika kwenye kadi na sikumwambia mtu. Kisha, kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye moshi na kuku, nilimwosha mwenyewe. Niliondoa gunzi, nikamimina dawa mpya beseni likajaa, nikampangusa kichwa, makwapa, mapaja, na kitovu kile kilichokauka nikakilowesha vizuri mpaka kikalainika. Nilifanya hivyo jioni, na kesho yake asubuhi na jioni, na kesho kutwa.

Jumatatu alikufa mwingine, binti wa mwalimu mmoja wa Masimba. Kijiko, tumbo, jivu. Daktari Machogu alikiinamia kitanda kile kwa muda mrefu. Baadaye nikasikia amepeleka kitu Kisumu kwa basi la mchana na ameomba wamjibu kwa simu. Sikumuuliza ni nini, naye hakuniambia.

Jumatano asubuhi mtoto wa Nyamoita alikataa kijiko.

Nilidhani maziwa yamepoa. Nikayapasha. Nikamgusa mdomo wa chini, ule mdomo uliokuwa umenivuta kidole siku tano zilizopita, na ukaniachia kama kitambaa. Nilijua palepale. Nikashika ukingo wa kitanda. Nilianza kumsemesha kama mtu mzima. Nilimwambia aache mchezo, nilimwambia mama yake yuko hapo nje.

Daktari alimdunga penisilini, akamdunga streptomaisini, na zote zilikuwa sawa na maji. Alimtuma Makori kwa Umesh kutafuta dawa mpya ya sindano iliyokuwa imeanza kuletwa nchini. Umesh alitafuta kila rafu, akapiga simu kwa ndugu yake Kisumu, na jioni akaja yeye mwenyewe na gari lake, vichupa vinne ndani ya mfuko wa khaki. "Ndiyo iko yote, Sista. Ingine nakuja wiki kesho." Alisimama mlangoni na hakutaka kuingia. Aliniuliza mtoto ni wa nani, nikasema ni wangu.

Sikuondoka chumbani siku ile wala iliyofuata. Kila nilipomgusa nilinawa kwanza. Kila nilipomaliza nilinawa tena. Tumbo lilipanda. Kitovu kikaanza kutoa kile kijani, na harufu ile tamu ikajaa kati ya uso wangu na wake. Nilikisafisha kwa dawa, nikakisafisha tena, nikakisafisha tena.

Nyamoita alikuwa kwenye benchi. Alhamisi jioni nilifungua mlango nikamwambia aingie. Alipotaka kumchukua mtoto nilimwonyesha beseni, akazamisha mikono hadi viwikoni kama nilivyomfundisha. Akamweka kifuani. Mtoto alikufa Ijumaa saa nne asubuhi, wakati ukungu unaondoka, vichupa vitatu vikiwa vimetumika na cha nne kimo kwenye sindano.

Saa tano na nusu Daktari Machogu aliniita ofisini mwake. Chupa yangu kubwa ilikuwa juu ya meza. Hakuketi.

"Kisumu wamepiga simu," akasema. "Ni hii."

"Ni hii nini?"

"Sista, wadudu wako humu. Wanaishi humu. Tukinawa, tunajipaka."

Nilimwambia hilo haliwezekani, hiyo ni dawa ya kuua wadudu. Alisema kuna wadudu wa maji ambao dawa hii ikiwa nyepesi haiwaui, na ikiongezwa juu ya ile ya zamani kila wiki, wanazoea. Kisha akalitoa gunzi, akaivua ile shashi, akalipasua kwa kisu kwa urefu. Ndani lilikuwa limelowa na kuoza, jeusi lenye kijani, na utelezi. Chumba kikanuka ndizi mbivu.

Alipopima mara ya kwanza, mikono yetu ilikuwa imetoka kuoshwa kwa maji ya bomba na sabuni kwa heshima ya kipimo. Hilo nalo tulilikumbuka pale, wote wawili.

"Ningeipima siku ile," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka kijana wa watu. "Nilikuonea haya."

Nilimwambia hakuwa na kosa. Hilo ni neno moja jema nililolisema mwezi ule.

Mkubwa wa hospitali alikuja, akafunga mlango, akaongea taratibu. Alisema dawa imwagwe, chupa ivunjwe, chumba kifungwe kesho baada ya mipango kufanywa, na wazazi wasitiwe hofu. Watu wetu wakisikia hospitali inaua, watazalia nyumbani, na wengi zaidi watakufa. Kwa hiyo waambiwe ni mapenzi ya Mungu. Aliniuliza kama nimeelewa, nami nikasema nimeelewa.

Nyamoita alikuwa nyuma ya jiko, ameketi juu ya gogo, mtoto amefungwa kwenye leso mapajani. Alikuwa akimngoja Makori ampeleke kwao. Niliketi chini kwenye majani. Nilikuwa sijawahi kuketi chini na gauni lile.

Nilimwambia yote kwa lugha ya nyumbani, maana Kiswahili changu kilinikimbia. Nilimwambia habari ya chupa, ya gunzi, ya kijiti kilichorudishwa sandukuni. Nilimwambia mtoto alipokuwa kwa Bosibori alikuwa ameongezeka gramu themanini. Alinisikiliza akitazama mikono yangu.

"Kwa hiyo nilikuwa nimemwokoa," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimekwisha kumwokoa, wewe ukaja na gari."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, na kama angechukua kuni kutoka kwenye lile rundo nisingeinua mkono. Alitengeneza leso pale penye uso wa mtoto.

"Waliobaki huko ndani ni wangapi?"

"Watatu."

"Mama zao wanajua?"

Nikasema kwamba hawajui, na kwamba kesho kutafanywa mipango.

Alisimama, akamweka mtoto wake begani kama anayelala, akaingia wodini. Nilimfuata mpaka mlangoni. Hakupiga kelele. Alikwenda kitanda kwa kitanda akiinama, akisema maneno machache kwa kila mmoja, na waliosikia walianza kutafuta viatu vyao. Kisha wakaja mbele ya Chumba cha Joto, wanawake watatu na Nyamoita nyuma yao, wakanitazama. Mkubwa wa hospitali aliniita kwa jina kutoka upande wa ofisi. Niliutoa ufunguo shingoni nikafungua.

Walipita mmoja mmoja mbele ya beseni. Hakuna aliyetia mkono, nami nikawapisha. Wawili walitoka haraka na watoto wao ndani ya nguo, wakashika njia ya wodini. Wa mwisho alikuwa Nyaboke, msichana wa miaka kumi na minane, na mtoto aliyemfuata humo ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Mtoto wake alikuwa amekataa kijiko tangu saa kumi na mbili asubuhi, na aliyejua hilo nilikuwa mimi peke yangu. Alimtia kifuani, akamfunika vizuri, akatoka akitabasamu. Alipofika kwangu alinishika mkono, akanishukuru.